Swali Nililokujibia

Mwanangu Evodi,

Barua hii utaisikia kwa sauti ya yule msomaji wa kompyuta yako, yule anayetamka "ng'ombe" kama mtu aliyechomwa na mwiba. Ungeisikia kwa sauti yangu kama ningekuwa na ubavu wa kukaa mbele yako nikayasema haya. Sina. Umelala chumba cha pili, begi lako liko mlangoni, wa bodaboda nimeshaongea naye, na mimi nimekaa hapa mezani na hedifoni zako masikioni, nachapa kwa vidole viwili. Kioo cha kompyuta nimekifunika kwa kitenge cha mama yako. Nataka niandike kama unavyoandika wewe, nisikie kila herufi ikitajwa, nikikosea niambiwe nimekosea. Mstari wa kwanza umenitoa jasho mpaka nikatukana, na katekista angenisikia angeninyang'anya kwaya.

Mambo ya kula, kuvaa na kuchagua marafiki sikuandikii. Una akili yako na una simu. Nakuandikia jambo moja tu, na wewe unalijua, na mimi najua kuwa unalijua, ila hatujawahi kuliweka mezani.

Majirani wananiuliza unakwenda Mwanza kufanya kazi gani. Nawaeleza hivi: siku hizi kinanda kizima kinaingia ndani ya kompyuta, wanakiita sintesaiza. Kwenye kioo kuna vifundo vya kuzungusha kama vya redio, tena vingi, na kila kimoja kinabadilisha sauti. Mwenye macho anavizungusha kwa mausi. Asiyeona anayo programu ya kumsomea maandishi, lakini vile vifundo si maandishi, ni picha tu, basi msomaji akifika pale anasema "dirisha" halafu ananyamaza. Evodi amepata vijana wenzake, wanakwenda kuvifanya viseme. Majirani wanatikisa kichwa, wanasema Mungu ni mkubwa, wanaondoka. Hawajaelewa. Siwalaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa, na kuchelewa kwangu kulikugharimu kitu ambacho hakirudi tena.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Ulipozaliwa huoni, niliona aibu. Nalisema kama lilivyokuwa, sitafuti neno la kulipamba. Wageni wakija nilikuwa namwambia mama yako akupeleke chumbani, nawaambia mtoto anasinzia. Siku moja padri kutoka Rulenge alikuja kubariki nyumba, nikasema vilevile. Mama yako hakubishana na mimi. Alikwenda akakuchukua, akaja nawe sebuleni ukiwa unapiga kelele na sufuria mkononi, akakuweka kwenye mapaja ya padri. "Huyu ndiye anayesinzia," akasema. Padri alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama yako alikuwa hivyo, hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa anajua pa kuyaweka.

Baadaye ukaanza kukaa chini ya kinanda cha kwaya wakati nafundisha, ukanirekebisha mbele ya waimbaji hata ndevu hujaota. Aibu ikageuka majivuno. Nilikuwa natembea Bukiriro nzima kama mimi ndiye niliyekupa yale masikio. Kumbe majivuno na aibu ni ndugu wa tumbo moja, vyote viwili vilikuwa vinanihusu mimi, havikukuhusu wewe.

Kompyuta ilipokuja, ulipomaliza shule, tukagundua kwamba sintesaiza haisemi na wewe. Nikasema hakuna shida, baba yupo. Nikawa macho yako. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa? Wewe kulia na kinanda, mimi kushoto na mausi. Unasema ongeza, ongeza, rudisha kidogo, hapohapo. Tulikuwa tunaanza baada ya maharage ya mchana na tunainuka kuku wameshaingia bandani. Zilikuwa siku nzuri, sitazikana. Lakini kumsaidia mtu nako kuna ulevi wake, Evodi, na mimi nililewa. Nilianza kupenda kwamba huwezi bila mimi. Ukitaka kufanya kazi asubuhi nakwambia subiri nirudi shamba. Unasubiri. Kijana mzima, umekaa na mikono mapajani, unamsubiri mtu akuzungushie kifundo.

Halafu nikaanza kukufupishia. Kioo kikionyesha mambo kumi, nakwambia mawili ninayoyaona ya maana. Nikichoka, nasema nimeshazungusha, kumbe sijagusa kitu. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo ulisubiri kidogo, ukainamisha kichwa. "Baba, hujagusa," ukasema. Tukacheka wote wawili. Mimi ndiye niliyetakiwa nisicheke.

Na kulikuwa na Kiingereza. Unajua baba yako aliishia wapi na shule. Sintesaiza yako kila kitu chake ni Kiingereza, na kila mara vilikuwa vinatokea vile visanduku vya maswali katikati ya kioo. Kusoma nilikuwa naweza, lakini kwa kukwamakwama kama mtoto wa darasa la tatu, na sikutaka unisikie nikikwama. Kwa hiyo sikuwa nakusomea. Nilikuwa nabonyeza kile kitufe kinachong'aa, kile ambacho kompyuta yenyewe imeshakichagua, na kisanduku kinaondoka. Ukiniuliza mbona umenyamaza, nasema inafikiria. Mficha uchi hazai, tunawaimbia watoto wa watu, lakini mimi nilificha na nikaona nimefanya ujanja.

Wakati huo wewe ulikuwa unawaandikia wale waliotengeneza ile sintesaiza, ukiwaomba wavipe vifundo majina ambayo msomaji anaweza kuyatamka. Wakakujibu kwa adabu kwamba asiyeona anaweza kutumia sauti walizokwisha kuzitengeneza wao, ziko nyingi na nzuri. Sijawahi kukuona umekasirika vile. Ulisema wanataka uvae nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine maisha yako yote, wakati wewe ni fundi. Nilikuunga mkono, nikawatukana pamoja na wewe. Sikuona kwamba mtu wa namna hiyo alikuwa amekaa hapo kushoto kwako na mausi mkononi.

Sasa nafika kwa mama yako. Vidole vinakuwa vizito hapa.

Alipoanza kuugua, mama yako mdogo Perpetua alikuja kutoka Kaniha kumwuguza. Kila asubuhi wale dada wawili walikuwa wanasalimiana ile salamu ya kuimba ya kwao mpakani. Wanashikana mabega, mmoja anaimba habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za waliokufa, haraka bila kupumua, na mwingine anaitikia katikati, anaingiza sauti kwenye kila upenyo. Vijana wa sasa hawaijui. Wewe ulisikia kitu ambacho mimi nilikuwa nakisikia miaka yote nikakiona kelele za wanawake. Ukaazima maikrofoni ya parokia, ukaivalisha soksi, ukamrekodi mama yako peke yake, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, ukaziingiza moja kwa moja ndani ya sintesaiza. Akawa anakutania kwamba unamrekodi kama anakufa kesho. Ukafanya kazi wiki nyingi, mimi nikiwa kwenye mausi, mpaka ikafika mahali ukibonyeza kinanda mama yako anaimba, unaweza kumpandisha na kumshusha, kumwanzisha na kumsubirisha. Ukaisevu kwa jina moja tu: Mama. Alikuja akaisikia akiwa amejifunga blanketi. Alisema sauti yake ina afya kuliko yeye.

Tukamzika msimu wa kahawa.

Ilipokaribia Misa ya kutimiza mwaka tangu tumzike ukapanga jambo lako. Baada ya komunyo, mama mdogo Perpetua asimame karibu na kinanda, wewe umwanzishe mama yako, na dada yake amwitikie. Salamu ya mwisho, yule aliyekwenda na yule aliyebaki. Perpetua alipoambiwa alilia, kisha akakubali. Kanisa zima lilikuwa linaisubiri.

Jioni ya kuamkia Misa, kwaya walikuwa hapa nyumbani kwa mazoezi. Wewe ulitoka kwenda kuoga. Waimbaji wawili watatu wakabaki wamesimama nyuma yangu, wakaniomba niwaonyeshe jinsi kinanda cha kompyuta kinavyofanya kazi. Evodi, nilijisikia. Mwalimu wa kwaya na mausi yake. Nikafungua Mama, nikawasikilizisha kidogo, mmoja akajifuta macho. Kisha nikaona nirekebishe na ile sauti ya filimbi ya wimbo wa kuleta vipaji, uliyokuwa umelalamika inapiga mluzi, ili ukirudi ukute baba ameimaliza mwenyewe. Nikaileta filimbi palepale nilipokuwa nimemfungua Mama, nikazungusha, ikatulia, nikasevu. Kile kisanduku kikatokea katikati ya kioo, na maneno yake ya Kiingereza, na watu nyuma yangu wanaangalia. Ningesoma kwa sauti wangenisikia nakwama. Ningesoma kimya ningechukua muda, wangejua. Nikabonyeza kile kinachong'aa. Ukarudi, ukanikuta natabasamu.

Yaliyotokea kanisani uliyasikia, hukuyaona, na kwa hilo peke yake niliwahi kumshukuru Mungu, jambo ambalo nalijutia. Acha nikwambie nilichokiona, kwa sababu ni haki yako. Mama yako mdogo alisimama mbele ya kinanda akanyoosha mikono kama anamshika mtu mabega. Alifumba macho. Ukabonyeza. Ikatoka filimbi. Ukabonyeza tena, filimbi. Mikono yake ilibaki hewani, akafumbua macho, akatazama huku na huku, kisha akaishusha polepole na kuifutia kwenye kanga, kama ilikuwa na maji. Ukageuza uso kuelekea upande wangu ukauliza kimetokea nini. Nikakwambia ni umeme, ulikuja na nguvu usiku, umeharibu. Usiku ule umeme haukuwa na tatizo lolote. Nilijua hapohapo nilichokifanya, kabla hata filimbi haijaisha.

Ukanishika mkono ukanifariji. Wewe ndiye uliyenifariji.

Kisha ukataka twende Kaniha kumrekodi mama mdogo, labda sauti za ndugu zinafanana. Nikakusindikiza. Tulimkuta anapukuchua mahindi, akanawa, akakaa mbele ya ile maikrofoni na soksi yake. Alianza vizuri. Akafika kwenye ule upenyo wa kuitikiwa, akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza palepale. "Naanza mimi," akasema, "nani anaitikia?" Ukazima maikrofoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni, nakunywa uji wake. Nilikuwa na nafasi ya kusema njia nzima ya kurudi, na nilizungumza habari za bei ya mahindi.

Baada ya hapo ukakutana mtandaoni na yule dada asiyeona, wa nchi ya mbali, aliyekuwa ameandika programu ndogo ya kuvipa vifundo majina. Ukajifunza kwake usiku na mchana. Ikikataa unaanza upya, chai inapoa mezani. Sikujua unachofanya, nilikuwa naona tu kwamba mausi imeshika vumbi. Nilipata wivu, kusema ukweli. Mpaka siku ile ikasema. Nilikuwa hapa sebuleni namenya ndizi. Ukagusa kitufe na ile sauti ikataja jina la kifundo, na namba yake, ukagusa kingine nacho kikajitaja, kingine, kingine, na wewe unacheka peke yako kama mwendawazimu. Nikaacha kisu nikasimama. Nilifurahi, wallahi, kama wasemavyo majirani zetu Waislamu. Kisha ukajaribu kusevu sauti mpya kwa jina la sauti iliyokuwepo. Na mashine ikauliza. Kwa mara ya kwanza tangu uijue, ikakuuliza wewe mwenyewe, kwa Kiingereza chake, ile sauti yake isiyo na huruma wala chuki: tayari kuna faili lenye jina hili, unataka kuweka hili badala yake? Ndiyo, hapana.

Hukucheka tena. Ulirudia kusikiliza swali lile. Kisha ukachagua hapana.

"Baba," ukasema bila kugeuka, "huwa inauliza hivi kila mara?"

"Mara nyingine," nikakujibu.

Nikarudi kumenya ndizi. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio unaonichoma zaidi, kwa sababu wa kwanza niliusema kwa woga mbele ya watu, na huu niliusema tukiwa wawili tu, umenifungulia mlango mwenyewe. Inauliza kila mara, mwanangu. Haibadilishi kitu bila kuuliza. Mtu ndiye aliyejibu, na mtu huyo hukuwa na haja ya kumtafuta mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku ile hukuniomba nikusomee chochote. Si barua, si dawa, si jina la mtu kwenye simu. Shikamoo yako ya asubuhi haikupungua hata kidogo, na kila nilipoitikia marahaba nilijisikia kama mtu anayepokea kitu cha wizi. Ningefurahi ungenigombeza. Ungevunja hata kikombe. Wewe ukaendelea kufanya kazi, ukazifundisha sintesaiza nyingine kusema, moja baada ya nyingine, mpaka wale vijana wa Mwanza wakasikia habari zako. Watu wanasema una bidii. Mimi najua unachokikimbia. Hutaki tena kuwa na mtu wa kushoto.

Nilikuwa nadhani kinanda kinachosema ni cha kumrahisishia asiyeona kazi. Sasa naona ni ili asidanganywe. Ndicho pekee nilichojifunza, na nimekinunua kwa mali yako. Kwa hiyo ukifika huko mkakaa na kuamua kipi kitamkwe na kipi kiachwe, nakuomba msimfupishie mtu. Kutakuwa na mwerevu wa kusema yale maswali na yale maonyo yanachosha, yaondoeni, msikilizaji hayahitaji. Nilikuwa na mawazo hayohayo. Yaacheni yaulizwe hadi mwisho. Na mtu akikusomea jambo, hata awe mzazi, hata awe padri, mwambie asome yote, akwame anapokwama. Anayekupenda atakwama mbele yako bila kuona haya. Mimi nilikupenda, nikaona haya. Sijui kama unaweza kuvitenganisha viwili hivyo. Mimi nimeshindwa.

Mama yako hatarudi ndani ya kile kinanda. Nimewauliza mafundi kimyakimya, Ngara mjini hata Biharamulo, wote jibu lao ni moja. Perpetua hajaimba ile salamu tena tangu siku ile uliyozima maikrofoni. Na yeye anaamini ni umeme. Nitakwenda Kaniha mwenyewe kumweleza. Hilo usinisaidie.

Sikuombi unisamehe. Msamaha ukiombwa usiku wa safari unakuwa mzigo mwingine kwenye begi, na begi lako limeshajaa.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukikute. Barua hii sijaisevu. Nimejifunza jinsi ya kusevu, umenisikia mara ngapi nikijivuna, lakini sijaisevu na sitaisevu. Nitaiacha imefunguliwa hapa mezani, waya umechomekwa, na nitakaa nayo mpaka kuche, maana umeme ukikatika betri hii haifiki mbali na barua itakwenda na maji. Asubuhi utakuja na shikamoo yako, nitakuvisha hedifoni nitoke nje. Ukimaliza kusikiliza, ifunge. Mashine itakuuliza kama unataka kuitunza au itupwe. Nimejaribu, inalisema swali lote, na mimi nimelisikiliza hadi neno la mwisho, mikono yangu ikiwa mapajani.

Sijalijibu.

Baba yako